Ugonjwa wa Mafigo Usiojulikana Chanzo

Ndugu, hapa Kitahana mkulima akivimba uso na miguu, watu hunena upesi, "Amerogwa." Basi sikilizeni. Katika nchi yetu, mwaka 2014, watafiti walipima damu na mkojo wa watu wazima 481 wa Moshi, mjini na vijijini. Karibu nusu ya walioonekana na mafigo mabovu hawakuwa na kisukari, wala shinikizo la damu, wala virusi vya UKIMWI. Tena huko El Salvador na Nikaragua wakata miwa wengi, hata vijana, wamekufa kwa mafigo. Wataalamu washuku kazi nzito juani pasipo maji ya kutosha, ila hawajakata neno. Chanzo kisichojulikana si uchawi. Mafigo huharibika kimya, mtu angali akilima pasipo maumivu. Damu na mkojo vikipimwa hospitalini, huonekana mapema.