Safari ya Askari wa Baisikeli, toka Missoula hata St. Louis

Katika somo la mwezi huu twataka kuwaeleza habari za safari moja ya baisikeli, ambayo kwa urefu wake na kwa taabu zake yastahili kujulikana na kila mtu aendaye mitaani kwa chombo hiki. Wengi wetu tumezoea kwenda peke yetu, mtu na baisikeli yake, maili kumi au ishirini, na jua halijawa kali tumekwisha fika. Bali kusafiri watu wengi pamoja, siku nyingi, wakiwa na mizigo, ni kazi nyingine kabisa.

Katika nchi ya Marekani, upande wa kaskazini na magharibi, liko jimbo liitwalo Montana, na humo palikuwa na ngome ya Fort Missoula. Hapo walikaa askari wa miguu wa kikosi cha 25. Askari hao wote walikuwa watu weusi, uzao wa wale waliopelekwa huko utumwani, na utumwa wenyewe ulikuwa umekomeshwa mwaka 1865 tu. Maofisa wao walikuwa karibu wote Wazungu. Lakini kasisi wao, Theophilus G. Steward, alikuwa mtu mweusi kama wao.

Ofisa mmoja kijana, Luteni James A. Moss, alitaka kujua kama baisikeli yaweza kufanya kazi ya farasi katika jeshi. Huyu alitoka chuo cha West Point mwaka 1894, naye alikuwa wa mwisho darasani. Twalitaja neno hili si kwa kumdharau, ila mwalimu apate kulikumbuka atazamapo wanafunzi wake. Maneno yake yalikuwa mepesi kufahamika: farasi hula, hunywa, huugua, na usiku lazima afungwe na kulindwa; baisikeli haili wala hainywi, nayo haipigi kelele. Jenerali Nelson A. Miles, mkuu wa jeshi, akampa ruhusa.

Hawakuianza safari kubwa mara moja. Mwaka 1896 askari wanane walifundishwa kwanza karibu na ngome: kupanda kwa safu, kuvuka mito, kupitisha baisikeli juu ya ua wa futi tisa, na kuitundika katika mti ili watu wawili waichukue mabegani. Kisha wakaenda mpaka ziwa McDonald, maili 126 kwenda na kurudi. Baadaye wakafika mpaka nchi ya Yellowstone, ambako maji ya moto huruka kutoka ardhini, nayo ilikuwa safari ya maili 800 hivi. Ndipo Moss alipoomba ruhusa ya kwenda St. Louis katika jimbo la Missouri, mwendo wa maili 1,900. Msomaji akitaka kuupima urefu huo, na afikiri kwamba ametoka Dar es Salaam kwa reli mpaka Kigoma, akarudi Dar es Salaam, kisha akaondoka tena hata akapita Dodoma.

Tarehe 14 Juni 1897, asubuhi na mapema, waliondoka askari ishirini. Pamoja nao walikuwako Luteni Moss, daktari James M. Kennedy, na kijana Edward Boos aliyeandika habari kwa magazeti. Aliyekuwa mkubwa wa askari ni Mingo Sanders, mtu wa makamo aliyeingia jeshini mwaka 1881. Na mwingine wa kutajwa ni John Findley, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha baisikeli huko Chicago. Huyu ndiye fundi wao. Twaona kwamba hapa Moss alikuwa na akili, maana kundi lisilo na fundi, gurudumu la mmoja likivunjika, wote wamesimama.

Baisikeli zilikuwa za kiwanda cha Spalding, na ringi zake zilikuwa za chuma. Kila moja ilikuwa na uzito wa ratli 32, na ilipopakiwa ikafika karibu ratli 60. Mbele, juu ya usukani, lilifungwa blanketi lililokunjwa pamoja na hema. Katikati ya fremu kulikuwa na mkoba mgumu wa chakula. Bunduki ya ratli kumi ilikuwa mgongoni, na risasi hamsini kiunoni. Chakula kilikuwa unga, maharagwe, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na kahawa. Hawakuchukua cha safari yote, bali cha siku chache tu. Kingine kilitangulizwa kwa garimoshi katika stesheni zilizo njiani.

Tena hema ile haikuwa nzima. Kila askari alichukua nusu moja, na jioni watu wawili waliunganisha nusu zao zikawa hema moja. Mwalimu akilisoma somo hili pamoja na watu wake, na asimame hapa kidogo awaulize: Ikiwa mmoja wa wawili hao ameachwa nyuma kwa pancha, nani atalala mvuani? Kwa desturi hiyo kila mtu alikuwa na sababu ya kumngoja mwenziwe, hata siku ambayo hakumpenda.

Na mvua ilikuwako. Siku za kwanza walipanda milima mikubwa, na tarehe 17 Juni walivuka mgongo wa nchi, mahali ambapo maji ya upande mmoja hushuka kwenda bahari ya magharibi na ya upande wa pili kwenda mashariki. Huko walikuta theluji, ingawa ulikuwa wakati wa kiangazi. Waliposhuka wakakutana na adui mbaya kuliko baridi, yaani matope. Udongo wa Montana ukinyeshewa huwa kama ulimbo. Hujaza nafasi iliyo kati ya mpira na uma wa baisikeli, na gurudumu hukataa kuzunguka. Wasomaji wetu wa nchi za udongo mweusi hawahitaji kuelezwa zaidi. Wapanda baisikeli wakawa wachukuzi wa baisikeli. Basi wakaacha barabara, wakapita juu ya njia ya reli, wakirushwarushwa na mataruma saa baada ya saa.

Baada ya hayo walipita mahali pa vita vya Little Bighorn, ambapo mwaka 1876 Walakota na Wacheyenne walimshinda Custer na askari wake. Wakaingia jimbo la Wyoming, kisha Nebraska, na huko taabu ikageuka. Mahali pa matope palikuwa sasa na mchanga mwingi, na jua kali la Julai. Gurudumu jembamba lenye mzigo huzama mchangani, na mtu hana budi kushuka na kusukuma. Maji ya huko yana magadi. Waliyanywa kwa kiu, wakaugua matumbo. Tena wakairudia reli. Katika barabara nzuri wapanda baisikeli husaidiana kwa kufuatana, kwa kuwa wa mbele hukata upepo na wa nyuma hupata nafuu, kisha hubadilishana. Katika mchanga msaada huo haupo. Kila mtu husukuma yake.

Tarehe 24 Julai waliingia St. Louis, na watu maelfu wakatoka kuwatazama. Siku zote zilikuwa 41, na siku za kwenda zilikuwa 34. Ukigawanya maili 1,900 kwa siku 34, wapata karibu maili 56 kila siku, na mwendo wao ulikuwa maili sita na kidogo kwa saa. Vijana wakicheka kwamba ni mwendo mdogo, na waujaribu siku moja juu ya mataruma, na bunduki mgongoni.

Ila lipo neno moja ambalo msomaji imempasa kuliangalia. Habari hizi tunazijua zaidi kwa kalamu ya Moss na ya Boos. Askari ishirini walisukuma, lakini maneno yao wenyewe twayasikia kwa shida. Moss alieleza baisikeli ilivyofaa. Kama askari walikubali kwamba ilifaa, hatukuambiwa sawasawa.

Walirudi Missoula kwa garimoshi. Mwaka wa pili Moss alitaka kuwapeleka San Francisco, lakini wakubwa hawakukubali. Vita vya Hispania vikaanza mwaka huo wa 1898, kikosi cha 25 kikapelekwa Cuba, wakapigana El Caney, na habari ya baisikeli ikakoma. Magari ya moto yalipoingia jeshini, hapakuwa na haja ya kuifufua.

Mingo Sanders aliendelea na uaskari. Usiku wa 13 Agosti 1906 risasi zilipigwa katika mji wa Brownsville, jimbo la Texas, karibu na ngome yao. Mtu mmoja akafa, na polisi mmoja akajeruhiwa. Wenyeji wakasema ni askari weusi. Askari wakaulizwa wawataje wenye kosa, nao wakajibu kwamba hawajui. Jibu lao likahesabiwa kuwa ni shauri la kufichana. Basi kule kushikamana kulikosifiwa njiani, hapa kuligeuzwa kuwa hatia. Bila kesi, na bila hata mmoja kuthibitishwa kosa, Rais Theodore Roosevelt aliamuru watu 167 wafukuzwe jeshini pasipo heshima. Sanders alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametumika zaidi ya miaka 25, na malipo ya uzee yalikuwa karibu, akayapoteza.

Alikufa mwaka 1929. Mwaka 1972 jeshi la Marekani liliichunguza tena habari hiyo, likaifuta amri ile, na majina ya wote yakarudishiwa heshima.