Muulize Alichofanya, Si Anavyojiona

"Unaweza kufanya kazi kwa presha?" Kila mwombaji hujibu ndiyo. Swali hilo halimo kwenye dodoso ninalotumia kuajiri wahudumu wa hoteli. Nauliza hivi: "Kabla ya kufikisha miaka 20, uliwahi kuuza kitu uso kwa uso na mteja? Hapana, mara moja moja, kila wiki, au kila siku?"

Mwaka 1998, Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha tafiti za miaka 85 kuhusu uajiri. Kwenye kipimo ambacho 1 ni utabiri usiokosea, dodoso la historia ya maisha, kama hili langu, lilipata 0.35, miaka ya uzoefu 0.18, na miaka ya shule 0.10 tu. Haya ndiyo ninayofanya.

Anza na kazi yenyewe. Kaa na msimamizi wa zamu. Mhudumu mzuri hufanya nini mgeni akilalamika kuwa supu imepoa? "Anaomba radhi kwanza, wa kulaumiwa atatafutwa baadaye." Andika tabia kama hizo.

Geuza tabia iwe swali la jambo lililotendeka. "Katika miezi 3 ya mwisho kwenye kazi yako ya zamani, ulikosa zamu mara ngapi bila taarifa?" Mweleze mwombaji mapema kwamba utampigia bosi wake wa zamani, chumvi hupungua.

Wajaribu wafanyakazi ulionao. Wajaze dodoso, kisha linganisha majibu na alama za msimamizi wao. Swali ambalo hodari na mzembe wanalijibu sawasawa, litupe. Kama wafanyakazi ni wachache, usiamini matokeo haraka: tunza fomu za kila unayemwajiri, uzilinganishe na kazi yake muda wa majaribio ukiisha.

Chuja maswali ya ubaguzi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, miongoni mwa mengine. Yapo pia maswali yanayobagua kimyakimya: "Uliwahi kulala hotelini?" hupima mfuko wa wazazi, si ukarimu wa mtoto.

Dodoso lisiajiri peke yake. Litumie kuchagua wa kuwaita, kisha wakabidhi sinia na meza yenye wageni uwaone wakihudumu. Na fomu zao zifungie kabatini, zisizagae mapokezi. Hayo ni maisha ya watu.