Kabla Hujachukua Fomu: Namna ya Kupima Jimbo Ukanda wa Dhahabu

Kila msimu wa kura za maoni, Shinyanga na Geita hazikosi mtia nia wa aina hii: ana hoja za wanyonge, anataka leseni ziende kwa wachimbaji wadogo, ushuru wa huduma urudi kwenye vijiji vinavyopakana na mgodi, na fidia za ardhi zilipwe kwa wakati. Akisimama machimboni hushangiliwa mpaka sauti zinakauka. Siku ya kura anaambulia kura za kuhesabu kwa vidole. Hoja zake zilikuwa nzuri tu. Alipima hasira za watu, akasahau kupima wapiga kura. Ukitaka kujua jimbo gani litampokea mgombea wa namna yako, fuata hatua hizi.

1. Anza na kanuni

Ndani ya chama tawala, CCM, mwaka 2010 na 2015 kura za maoni za ubunge zilipigwa na wanachama matawini. Mwaka 2020 zikarudi kwa wajumbe waliokaa mkutanoni. Mwaka 2025, katika kura ya Agosti 4, wigo ukapanuliwa tena na wajumbe wengi zaidi wa ngazi za chini wakaingizwa. Jimbo ni lilelile, lakini anayeshinda kwa utaratibu mmoja anaweza kuanguka vibaya kwa mwingine.

Jambo hili halipo kwetu tu. Mwaka 2016, Bernie Sanders, mgombea wa mrengo wa kushoto ndani ya chama cha Democratic cha Marekani, alishinda jimbo la Washington kwa zaidi ya asilimia 70 katika mikutano ya Machi, iliyohudhuriwa na watu kama 230,000. Mwezi Mei jimbo hilohilo likapiga kura ya kawaida ya masanduku, isiyogawa wajumbe wa mkutano mkuu wa chama. Wapiga kura walipita 800,000, na mshindani wake Hillary Clinton akaongoza. Mikutano ya saa kadhaa huwafaa wenye wafuasi wachache lakini wenye moto.

Basi kabla ya kupiga picha za mabango, nenda kwa katibu wa chama wa wilaya uulize: nani anapiga kura, kwa wadhifa gani, na kila kata ina wangapi? Andika majibu kwenye daftari, kata kwa kata. Hilo daftari ndilo jimbo lako.

2. Tenga mashabiki na kura

Wachimbaji hufuata dhahabu. Rashi, yaani mkurupuko wa dhahabu mpya, ikilipuka kwingine, maduara ya hapa yanabaki na walinzi. Kijana aliyekubeba mabegani kwenye machimbo ya Nyarugusu huenda kajiandikishia Tarime au Kibondo, na kadi ya chama hana kabisa.

Kaa asubuhi moja penye karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kabla hazijawashwa. Uliza maswali matatu: umejiandikisha wapi? Kadi yako ni ya tawi gani? Mara ya mwisho ulihudhuria lini kikao cha tawi? Wengi watacheka. Mmoja, uso umejaa vumbi jeupe la mawe, atakutajia tawi, jina la mwenyekiti wake na ajenda ya kikao kilichopita. Huyo mwandike. Kisha nenda kwa waliotulia mahali pamoja: mama lishe, wenye maduka ya Katoro na Kakola, madereva wa bodaboda, wenye mialo ya kuoshea dhahabu. Hao hawahami rashi ikihama, na ndio wanaochaguliwa kuwa viongozi wa mashina.

3. Usizisahau kata zisizo na dhahabu

Hata kwenye majimbo ya madini, kata nyingi zinaishi kwa jembe na ng'ombe. Ushetu na Bukombe wanalima tumbaku, Kishapu pamba, na mabonde ya Shinyanga yana mpunga. Mjumbe wa huko hajawahi kuota leseni ya uchimbaji. Mwambie juu ya mizani ya pamba, malipo ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) yanayochelewa, bei ya pembejeo na malisho. Hoja ni ileile, kwamba mwenye jasho apate haki yake, ila iseme kwa mazao yake. Viongozi wa AMCOS na wazee wa sungusungu wana sauti kubwa vijijini. Wasalimie mapema, kabla mpinzani wako hajawafikia.

4. Soma yaliyotokea

Ukanda huu umewahi kufungua mlango kwa wapinzani. Mwaka 2010, Mkoa wa Shinyanga ukiwa haujagawanywa, CHADEMA ilichukua Bukombe kwa Profesa Kulikoyela Kahigi, Meatu, na majimbo yote mawili ya Maswa. Shinyanga Mjini, Stephen Masele wa CCM alipita kwa tofauti ya kura moja.

Lakini mlango huo haukai wazi. John Shibuda alitoka CCM akashinda Maswa Magharibi kwa tiketi ya CHADEMA mwaka 2010. James Lembeli alihama hivyohivyo mwaka 2015, akaangushwa Kahama Mjini. Patrobas Katambi alishindwa Shinyanga Mjini mwaka huo akiwa CHADEMA, akaja kulipata jimbo mwaka 2020 akiwa CCM. Mwaka 2007 Zitto Kabwe alisimamishwa bungeni kwa hoja ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Mgodi huo ulikuwa Kahama, ila mbunge aliyepata jina kwa hoja hiyo alikuwa wa Kigoma Kaskazini. Machungu ya madini peke yake hayakupi jimbo.

5. Tafuta kiti kisicho na mwenyewe

Mbunge aliyepo ana wajumbe aliowasomeshea watoto na kuwazikia wazazi. Jimbo jipya halina deni hilo. Mwaka 2025 yalianzishwa Katoro, Chato Kusini na Itwangi, na mpangilio wa zamani ukavurugika. Fuatilia matangazo ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kuhusu mipaka. Pale jimbo linapogawanywa, au mbunge anapong'atuka, mgeni mwenye hoja ana nafasi kuliko anapopambana na mzoefu.

6. Piga hesabu ya fedha na ya ngazi za juu

Ukanda wa dhahabu una matajiri, usishindane nao kwa bahasha. Mahakama Kuu iliiondoa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kwenye sheria mwaka 2006, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, huwa macho msimu wa uchaguzi. Pia wapiga kura wakiwa wengi, kuwanunua wote ni gharama. Kanuni zinazopanua wigo ni rafiki yako.

Kumbuka pia kwamba kuongoza kura za maoni si kuteuliwa. Vikao vya taifa ndivyo vyenye neno la mwisho, na mwaka 2020 walikuwapo walioongoza wakaachwa. Mgombea binafsi naye bado haruhusiwi, licha ya hukumu ya Mahakama ya Afrika ya mwaka 2013. Kwa hiyo amua mapema: ukikatwa, utatulia au utahama? Anayeamua usiku wa matokeo huhama bila wafuasi.

7. Anza mwaka 2027

Chaguzi za ndani za CCM hufanyika kila baada ya miaka mitano. Za mwisho zilikuwa 2022. Watakaochaguliwa mwaka 2027 kuanzia shina, tawi na kata ndio watakaokuwa na uzito kura za maoni za 2030 zikifika. Wahimize watu wako wa karasha, wa sokoni na wa AMCOS wachukue fomu hizo ndogo, maana hazina kelele na ushindani wake ni mwepesi. Ukifika 2030 daftari lako likiwa halina watu wako katika nusu ya kata, okoa ada ya fomu, ambayo mwaka 2025 ilikuwa shilingi 500,000, na umuunge mkono mwenzako mwenye hesabu nzuri zaidi.