Mwalimu na Mtoto Ateswaye Nyumbani

Amri ya nne yawaagiza watoto kuwaheshimu wazazi. Lakini Mtume Paulo aliwaonya akina baba pia wasiwachokoze watoto wao. Kumrudi mtoto ni kumwongoza. Kumjeruhi, kumnyima chakula au kumnajisi ni dhambi, tena ni kosa mbele ya sheria.

Mtoto ateswaye hutambulikanaje shuleni?
Huja na alama mwilini, husinzia, hujitenga na wenzake, au huogopa saa ya kurudi nyumbani.

Mwalimu afanye nini?
Kwanza, amsikilize kwa upole, wala asimhoji kama mshtakiwa.
Pili, asiahidi kuficha yote, maana siri hiyo humlinda mtesaji. Amweleze mtoto ni nani watakaojulishwa.
Tatu, asiyapeleke maneno ya mtoto kwa huyo amtesaye, asije akapigwa zaidi usiku ule. Amjulishe mkuu wa shule, na kwa njia yake hakimu wa watoto.
Nne, mtoto aliyenajisiwa afikishwe kwa mganga upesi, kabla ya siku tatu kupita, ili dawa zimfae. Bukavu ipo Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege.

Je, mtoto akisingiziwa uchawi?
Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yakataza jambo hilo, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 yaliwekea adhabu ya kifungo.

Basi, kumheshimu mzazi si kuficha jeraha la mtoto. Anyamazaye huliacha lizidi.