SOMO: TUMPELEKE WAPI MTU ALIYE MPWEKE?



Katika toleo hili tunajifunza juu ya upweke, na namna ya kumpatia mtu mpweke ushauri nasaha. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka.

Upweke wa kwetu

Hapa Zagayu, wilayani Itilima, mtu anaweza kuishi katikati ya ukoo mkubwa na bado akawa peke yake. Vijana wamekwenda Mwanza kutafuta maisha, wengine wamehama na ng'ombe kufuata malisho. Bibi anabaki na wajukuu. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, na Usukumani macho mekundu yamewaponza wengi. Akishasingiziwa uchawi, majirani hawaji tena kuomba moto, na watoto wanakatazwa kupita kwake.

Hapo upweke ni hatari ya maisha. Utafiti wa Edward Miguel uliochapishwa mwaka 2005, uliofanyika Meatu, ulionyesha kuwa mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yaliongezeka sana katika miaka ya ukame au mafuriko. Wengi waliouawa walikuwa wanawake wazee, na waliowaua mara nyingi ni ndugu zao.

Mwenye huzuni naye, akikosa wa kumsikiliza, huenda kwa mpiga ramli chonganishi. Huyo humtajia jina la mtu. Hivyo upweke wa mmoja huzaa upweke wa mwingine.

Nani anaweza kusaidia?

Wataalamu wa afya ya akili ni wachache na wako mbali. Lakini mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wa kawaida wa hapo hapo walifundishwa kwa wiki 2 kuongoza vikundi vya mazungumzo. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Waliokuwa na sonona walipungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji visivyopata vikundi walibaki zaidi ya nusu. Huko Harare, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kusikiliza watu wakiwa wameketi benchini.

Hatua tatu kwa kila usharika

1. *Msikilizaji wa karibu.* Kila mtaa uteue mwanamke na mwanamume wanaoaminika. Wawe wanajua Kisukuma, wanatunza siri, hawadai malipo na hawatafuti mchawi. Wafundishwe kusikiliza kabla ya kuhubiri.

2. *Afisa Ustawi wa Jamii.* Anapatikana kupitia Halmashauri ya Wilaya, Lagangabilili. Aelezwe mapema pale mzee anapotengwa au kutishwa. Vitisho vipelekwe pia polisi.

3. *Hospitali.* Asiyelala, asiyekula, au anayesema ni heri afe, asiachwe peke yake. Asindikizwe siku hiyo hiyo katika kituo cha afya kilicho karibu, na ikibidi hospitali ya rufaa ya mkoa, Bariadi. Zaidi ya hapo kuna Bugando, Mwanza.

Tukumbuke habari za nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa. Kwanza alipewa chakula, akalala. Baadaye ndipo aliposemeshwa, na mwisho akapewa Elisha wa kufuatana naye.

Kwa wafadhili tunasema hivi: kazi hii haihitaji jengo. Inahitaji mafunzo, nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, na uvumilivu, kwa kuwa matunda yake hayapigwi picha kama kisima.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mtaa wetu, ni nyumba ipi ambayo haijapigiwa hodi tangu mavuno? Nani atakwenda wiki hii?
2. Mtu akituletea siri yake, je, tunaweza kuitunza?
3. Bajeti yetu ina fungu la nauli ya kumpeleka mtu Bariadi?
4. Mvua ikikosekana mwaka huu, tutawalindaje wazee wetu kabla maneno hayajaanza?