Kinga yenye kubeba mavuno: gidoni isimame, klavete ishike



Tumezungumza mara mingi juu ya mbegu, mbolea na kukausha mahindi. Lakini mavuno hayajakuwa feza mpaka yafike ku depo ao ku soko. Kwa wengi wetu wanaoleta mahindi, mihogo na makala huku Manika na Dilala, hiyo safari inafanywa na kinga: Phoenix ya China, Hero ya India, ao Raleigh ya zamani yenye baba aliacha. Ni kinga za chuma kizito, zinadumu. Ila zilitengenezwa kwa kubeba mutu mumoja na muzigo kidogo. Sisi tunapakia gunia mbili za kilo 50, na wakati mwingine mwenye kinga anapanda tena juu. Njo maana kila mutu anabadilisha yake: anapandisha gidoni, anarefusha manivele, anasudisha chuma hapa na pale.

Kubadilisha kinga kunaweza kusaidia sana. Hatari inaingia wakati tunalegeza kipande chenye kinashika uzima wa mutu. Ku barabara ya Likasi kamioni za shaba na kobalti zinapita karibu sana na watu wa kinga. Pale gidoni ikizunguka yenyewe, ao pedali ikiachia katikati ya kilima, haitakuwa hasara ya mahindi tu. Kwa hiyo somo la leo linaangalia sehemu mbili: potansi ya gidoni, na manivele pamoja na klavete zake.

1. Potansi

Potansi ni ule muti wa chuma wenye kushika gidoni na kuingia ndani ya tiyo ya furshe. Ndani yake munapita boloti ndefu, na chini ya boloti muko koni. Ukikaza boloti, koni inapanda, inapanua muti, na muti unashika tiyo kwa ndani. Hakuna kitu kingine kinachoushika.

Watu wanaobeba muzigo mukubwa wanapenda kupandisha gidoni, juu ya kusimama vizuri wakati wa kusukuma. Ni sawa, lakini kuko mupaka. Ku potansi nyingi kuko mistari midogo yenye kuonyesha mahali pa mwisho: mistari hiyo isionekane inje. Kama haiko, toa potansi upime. Sheria ni kwamba sehemu ya ndani ipite mara 2,5 ya unene wa muti. Muti wa kinga zetu uko na milimita 22 hivi, kwa hiyo inaomba milimita 55. Juu ya muzigo wetu, acha sentimita 6 na nusu ndani.

Angalia tena kitu kimoja: sehemu ya juu ya tiyo ya furshe imekatwa meno ya kuzungushia nati, na pale chuma ni chembamba. Koni ya potansi ishuke chini ya hayo meno. Ikikazia kwenye meno, njo pale tiyo inapasuka.

Namna ya kufanya:

- Legeza boloti mizunguko 2 ao 3, usiitoe yote. Weka kipande cha muti juu yake, gonga na nyundo ili koni ishuke.
- Toa potansi, pangusa kutu, angalia kama kuko mupasuko. Mupasuko mudogo sawa unywele unatosha kwa kutupa kipande.
- Paka grisi, rudisha, kaza.
- Simama mbele ya kinga, kamata gurudumu la mbele katikati ya magoti, zungusha gidoni kwa nguvu ya mikono. Isitembee. Lakini usikaze kupita kiasi, tiyo itavimba na haitarudi.

Kwa kinga yenye freni za fito, kumbuka kwamba fito zimefungwa ku gidoni. Ukipandisha gidoni, fito zinavutwa juu na mipira ya freni inabana janti. Ukiishusha, freni hazishike tena. Kila mara unapogusa potansi, rekebisha fito mbele ya kutoka.

Usirefushe potansi kwa kusudisha kipande cha tiyo. Moto wa sudire unabadilisha chuma pembeni ya kiungo, na kila shimo la njia linapiga pale pale. Chuma kinachoka bila kuonekana, kisha siku moja kinakatika kwa mara moja. Kama unataka urefu, nunua potansi ndefu, ao gidoni yenye mikono ya kupanda juu.

2. Manivele na klavete

Manivele ni mukono wenye kubeba pedali. Ku kinga za zamani, unafungwa ku mutalimbo wa katikati na klavete, kipande kidogo cha chuma chenye upande mumoja umekatwa bapa. Nguvu yote ya muguu wako inapita pale.

Klavete ikilegea, utasikia «tak» kila unapokanyaga. Usingoje. Ukiendelea hivyo, itakula shimo la manivele na mutalimbo, na utanunua vyote vitatu badala ya klavete moja.

Usiweke musumari ao chuma cha kujengea mahali pa klavete. Musumari ni wa mviringo, hauna bapa la kukaa ku mutalimbo, na chuma chake ni laini. Tena, beba klavete ya zamani ku soko kwa kulinganisha: za kinga za Uingereza, India na China mara mingi ziko na milimita 9,5, lakini za kinga za Ufaransa za zamani zinaweza kuwa na 9.

Wakati wa kuweka, lalisha manivele juu ya chuma kizito ao jiwe gumu, upande wa chini wa shimo, halafu gonga klavete. Ukigonga bila kitu chini, unaua bili za ndani. Nati ni ya kulinda tu; usivutie klavete na nati, meno yake yatakatika. Na upande wa nati ni muhimu: geuza mukono wa kuume juu, uone nati inaangalia wapi, geuza wa kushoto juu, nati yake iangalie upande ule ule. Kama sivyo, manivele mbili hazitakuwa mustari mumoja. Kisha safari ya kwanza na muzigo, gonga tena kidogo na kaza nati.

3. Kilima kikishinda

Wengine wanasudisha manivele ili iwe ndefu. Tuhesabu. Manivele ya sentimita 17 ikifika 22, muguu ule ule unaikandamiza klavete karibu asilimia 30 zaidi. Pedali pia inagusa chini ku kona na inagonga gunia.

Njia nzuri ni kubadilisha rulibre ya nyuma. Kwa sahani ya meno 44 na rulibre ya 18, muzunguko mumoja wa pedali unakupeleka karibu metre 5,4. Kwa rulibre ya meno 22, unakupeleka 4,4. Unatembea polepole, lakini kila kanyago ni nyepesi, na klavete haiteseke zaidi. Fundi ataongeza kipande cha sheni. Iwe na ulegevu wa sentimita moja hivi.

Na muzigo ukizidi, shuka. Mu mwaka 1954, ku vita ya Dien Bien Phu kule Vietnam, wabebaji walipitisha kilo 200 na zaidi ku kinga moja kwa kuisukuma, wakifunga muti ku gidoni kwa kuiongoza. Ndugu zetu wa Goma wanasukuma chukudu yao ya mbao. Ukisukuma, toa pedali ya upande wako isikupige muguu. Kumbuka: pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzunguka sawa mishale ya saa.

4. Mbele ya kutoka

1. Gurudumu katikati ya magoti: gidoni haitembei.
2. Kamata freni ya mbele, sukuma kinga mbele na nyuma: hakuna kucheza ku furshe.
3. Tikisa manivele zote mbili: hakuna «tak».
4. Freni zinashika, hata janti ikiwa na maji. Mu mvua zinashika kidogo sana, basi teremka kilima kwa miguu.
5. Muzigo uko chini na katikati, hakuna gunia ya kufunga ku gidoni.

Kazi ya kikundi

Ku mukutano unaokuja, kila mutu alete kinga yake. Pimeni potansi moja moja na muandike zile zenye kupita mupaka. Kisha muzungumze: je, koperative inaweza kununua pamoja funguo, tupa, grisi na klavete za akiba, na kuziweka ku depo? Nani atazichunga? Mufanye hivyo mbele ya mavuno ya mwezi wa ine, wakati kila kinga ya kijiji itakuwa ku njia.