SOMO: Kazi ya Kujitolea na Haki za Wenye Malisho

Katika vyama vya ushirika kazi ya kujitolea mara nyingi huanza kwa furaha na kuishia kwa ugomvi. Wanachama hufyeka uwanja wa ghala au hupanda miti mbele ya ofisi. Miaka miwili ikipita, wale waliofyeka husema kwamba mahali hapo ni pao. Somo hili linatoa mfano kutoka mbali, yaani kisiwa cha South Uist, magharibi ya Scotland, ambako watu walijitolea kufufua uwanja wa gofu. Gofu si mchezo wa wanachama walio wengi, wala hailazimu uwe. Linalofaa kutazamwa ni ile ardhi na mikono iliyoitunza.

Uwanja huo, uitwao Askernish, ulipangwa mwaka 1891 na Old Tom Morris, fundi mashuhuri wa viwanja vya gofu kutoka mji wa St Andrews. Baadaye sehemu kubwa iliachwa, ikamezwa na majani katikati ya vilima vya mchanga vya pwani. Mwaka 2005 mtaalamu mmoja wa viwanja alifika kisiwani akapelekwa kupatazama, naye akaona kwamba umbo la kazi ya kale bado lipo chini ya majani. Wataalamu walitoa ujuzi bila malipo, wenyeji wakatoa nguvu zao, na mwaka 2008 uwanja wenye mashimo 18 ukafunguliwa upya.

Katika muda huohuo, mwaka 2006, wenyeji waliinunua milki yenyewe, yapata eka 93,000, kwa njia ya kampuni ya jamii iitwayo Stòras Uibhist. Basi mwenye ardhi alikuwa ni jamii. Hata hivyo, juu ya ardhi hiyo ya mchanga ilikuwapo haki nyingine ya tangu zamani: wakulima wadogo wapangaji huilisha mifugo yao kwa pamoja, na haki hiyo inalindwa na sheria. Baadhi yao waliona kwamba uwanja unawapunguzia malisho, na shauri likafikishwa mbele ya Mahakama ya Ardhi ya Scotland. Hapakuwa na mnyang'anyi katika jambo hili. Upande mmoja ulikuwa na bidii, upande wa pili ulikuwa na haki. Na bidii, hata iwe kubwa namna gani, haifuti haki.

Kinachopendeza ni jinsi matumizi hayo mawili yanavyoweza kukaa pamoja. Wakati wa baridi ng'ombe na kondoo hulishwa uwanjani, wakapunguza majani na kuacha samadi. Wakati wa kiangazi wachezaji hushika zamu yao.

Katibu wa chama ajiulize: je, kabla ya wanachama kushika mafyekeo, muhtasari wa mkutano umeandika ardhi ni ya nani, nani ana haki ya kupita, kuchota maji au kulisha humo, na kazi itakoma lini? Muhtasari usemao "wanachama walikubali kusafisha uwanja" haumsaidii mtu siku ya shauri. (Wapo makatibu wanaoandika pia "watu wote walifika", hali walifika kumi na wawili.)

Daftari la kujitolea lioneshe jina, tarehe, kazi iliyofanywa, na zana zilizotolewa na kurudishwa. Petroli ya mashine ya kukatia majani ilipwe kwa vocha kama matumizi mengine yote. Dawa ya kuua magugu asipewe mtu asiyefundishwa kuitumia, hata akiomba kwa moyo mwema. Siku za kazi zisigeuzwe kuwa hisa kwa maneno ya mwenyekiti. Mwanachama aliyejitolea amejitolea, na kama chama kinataka kumlipa, jambo hilo liamuliwe na kuandikwa kabla ya kazi, si baada yake.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi cha masomo:

Kama wafugaji wa jirani wamezoea kupitisha ng'ombe katika kiwanja cha chama, halmashauri iwaite lini: kabla ya kupanda miti au baada ya miti kuliwa?

Mwanachama aliyetunza bustani ya ofisi kwa miaka mitano anaomba kipande chake. Katibu atafungua daftari gani ili kumjibu?